Mpaka Rangi Ikauke

Nchi ya Upangoni haimo katika ramani za shuleni, na msomaji asijisumbue kuitafuta. Yenyewe, hata hivyo, ina ramani yake, tena kubwa kuliko ya nchi yoyote niliyopata kuisikia, na Ramani hiyo ndiyo iliyomtoa Bi Kazija Mcha kwao Kinoko akaenda kubishana na wakubwa. Safari yenyewe siielezi. Alitapika njia nzima, na hilo linatosha.

Kinoko ni kisiwa cha nyumba kumi na nne. Wanawake wake hula na huvaa kwa pweza. Siku za bamvua, maji yanapokupwa hadi mwamba ukabaki wazi, hushuka na vijiti vya ncha kali, wakachokoa tundu baada ya tundu, na mwanamke wa Kinoko akilitazama tundu hukwambia pweza yumo au katoka kwenda kutembea. Basi bahari ikaingia joto. Maji ya mwambani yakawa yanachoma nyayo, matumbawe yakageuka meupe, na pweza, ambaye hana mizigo ya kufunga, akahama. Hakwenda mbali. Alihamia Fungu Baridi, mwendo wa makasia machache tu, ambako maji ya kilindini hupanda juu na kupoza miamba.

Tatizo lilikuwa Mpaka. Fungu Baridi liko ng'ambo yake, na Mpango wa Visiwa Tisa, uliotungwa Upangoni, ulisema kwamba kila kiumbe cha baharini kitavuliwa pale Ramani inapoonyesha kipo. Ramani ilionyesha pweza wa Kinoko wapo Kinoko. Wanawake waliovuka Mpaka kumfuata pweza walinyang'anywa mitumbwi kwa kosa la kuvua kisichokuwepo. Watu wa kisiwa wakakaa, wakakata shauri: Kazija, mwenye ulimi kuliko wote, aende kuomba kibali cha kuvuka. Akikosa kurudi nacho kabla ya bamvua, nyumba zote kumi na nne zinahama, na Kinoko waachiwe kunguru.

Alifika Upangoni akiwa na siku tano mkononi, akapanga chumba cha uani kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Zuwena.

"Karibu mwanangu, mgeni njoo mwenyeji apone," Bi Zuwena alimpokea, huku akizoa maji kwa kata kutoka ukumbini mwa nyumba yake na kuyamwaga dirishani. "Usijali huu unyevu."

Kazija aliyatazama maji. Yalimfika kwenye kifundo cha mguu, na ndani yake palikuwa na kaa.

"Bi mkubwa, hii ni bahari."

"Shsh! Ni unyevu. Unyevu wa muda. Ukisema lile neno jingine watakutoza kikao."

Hapo ndipo Kazija alipoanza kujifunza desturi za nchi ile, na msomaji ajifunze naye. Upangoni jambo haliwi mpaka likaliwe kikao, na likishakaliwa kikao huitwa jina jingine. Joto la bahari huitwa uvuguvugu. Samaki aliyekufa kwa joto huitwa samaki mstaafu. Mtu akiulizwa hujambo, hajibu sijambo, maana hilo ni tamko, hujibu, "Linashughulikiwa." Kazija alimsikia mama mmoja akimwuliza mwenzake kama amejifungua salama, na mwenzake, mtoto mgongoni, akajibu kwamba liko katika mchakato.

Na fundi seremala ndiye anayeheshimiwa kuliko watu wote. Hili lilimshangaza Kazija hata akauliza sababu, na Bi Zuwena akamweleza kwa sauti ya chini, kama anayeteta.

Miaka kumi na tisa nyuma, visiwa tisa viliposikia kwamba bahari inapanda na kupata joto, vilituma wajumbe Upangoni kwa kikao cha siku tatu. Wajumbe walikuwa watu wazuri, wenye hofu ya kweli, na siku ya kwanza walikubaliana kuunda Kamati ya Kunusuru Samaki. Lakini karani wa siku zile alikuwa na haraka ya chakula, akaandika Kamati ya Kunusuru Samani. Mhuri ukapigwa. Na Upangoni kilichopigwa mhuri hakina kosa. Kosa ni la anayekisoma. Kamati ikakaa, ikatafuta namna ya kunusuru samani, na ikapitisha kifungu ambacho mpaka leo watoto hukikariri shuleni: Maji yakipanda, viti navyo vipandishwe.

"Wakavipandisha?" Kazija aliuliza.

"Kila mwaka shubiri. Sasa wanapanda kwa ngazi. Na aliyeshuka kiti ameshuka cheo, kwa hiyo hashuki mtu. Chakula wanapelekewa kwa kamba na kikapu."

"Na samaki je?"

"Samaki hawamo kwenye ajenda, mwanangu. Waliomo ni samani."

Kazija alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakumbuka kwamba miongoni mwa wajumbe wale tisa alikuwamo wa Kinoko, Mheshimiwa Vuai Ngwali, na kwamba huyo Vuai ni kaka wa mama yake, tumbo moja. Aliondoka kwa kikao cha siku tatu akiwa na kanzu moja na mikate ya mofa ndani ya kitambaa. Kicheko kikamkauka.

Asubuhi ya pili akaenda Ukumbini. Juu ya mlango paliandikwa kwa herufi kubwa: HAINGII ILA MPANGAJI. Chini yake alisimama karani, Bwana Mdungi, mtu mwembamba mwenye kitabu cha kanuni kifuani na miguu iliyovimba kwa kushinda majini. Katika serikali nzima ya Upangoni yeye peke yake ndiye aliyekuwa akifanya kazi chini.

"Shikamoo," Kazija alisema.

"Linashughulikiwa. Bibi, wewe ni mpangaji?"

"Naam."

"Wa wapi?"

"Wa Bi Zuwena. Chumba cha uani, tangu jana."

Bwana Mdungi alifungua kinywa kumfukuza, kisha akakifunga. Alikuwa mtu wa kuogopa kitabu chake kuliko mkewe. Akafunua ukurasa, akasoma kwa kidole: Mpangaji ni mtu yeyote apangaye. Akageuza ukurasa kutafuta palipoandikwa apange nini. Hapakuandikwa.

"Umepanga kweli? Una ushahidi?"

"Nina ufunguo."

Akautazama ufunguo mbele na nyuma. Kisha akamfungulia mlango, na Kazija akaapa baadaye kwamba alimwona akitabasamu upande mmoja wa mdomo.

Ndani, maji yalikuwa ya magoti. Sakafu yote ya Ukumbi ilikuwa ndiyo ile Ramani: visiwa tisa vya vigae vya rangi, bahari ya vigae vya samawati, samaki wamechorwa kila mmoja kwao, na katikati Mpaka, mstari mwekundu uliopakwa kwa chokaa na ngeu. Juu ya hayo yote, wajumbe waliketi kwenye viti vya miguu mirefu, vichwa vyao karibu na mapaa, popo wakiwapitia masikioni. Walikuwa wakijadili kama mjumbe wa kisiwa cha tano, aliyefariki kitini mwaka juzi, ahesabiwe kuwa amehudhuria. Mmoja alisema huyo hajawahi kukosa kikao hata kimoja. Hoja ikaonekana nzito.

"Nani huyo chini?" ilishuka sauti. Ilikuwa ya Mheshimiwa Jongo, Mpangaji Mkuu, ambaye kiti chake kilikuwa kirefu hata yeye mwenyewe hakuonekana ila makubadhi.

"Mpangaji, Mheshimiwa," alijibu Bwana Mdungi.

"Wa idara gani?"

"Wa uani, Mheshimiwa."

Mpangaji Mkuu hakuwa amesikia habari za Idara ya Uani, lakini hakuwa mtu wa kuonyesha kwamba kuna idara asiyoijua.

"Ahaa, Idara ya Uani. Tumekuwa tukiisubiri ripoti yenu. Sema."

Kazija akasema. Hakupamba. Alieleza jinsi maji yanavyochoma, pweza walivyohama, mitumbwi ilivyochukuliwa. "Hatuombi chakula," alimaliza. "Tunaomba kumfuata pweza wetu alikokwenda. Baada ya siku nne ni bamvua. Mkisema hapana, semeni leo, tukafunge virago."

Wajumbe walinong'onezana kutoka kiti hadi kiti, jambo lililohitaji kupiga kelele.

"Utaratibu ni kumwuliza mjumbe wa kisiwa husika," alisema Mpangaji Mkuu. "Mheshimiwa wa Kinoko, hali ikoje kwenu?"

Kutoka kiti cha saba ilikuja sauti ya mzee, safi, yenye kujiamini, na Kazija akasisimka mwili maana ilikuwa sauti ya mama yake iliyovaa kanzu.

"Kinoko pweza ni tele, Mheshimiwa. Nilipokuwa kijana ulikuwa hutii mguu mwambani ila umekanyaga mmoja. Na Ramani ni shahidi: Kinoko kuna pweza watatu wekundu. Nawaona kutoka hapa. Kwa mbali kidogo, lakini nawaona."

"Mjomba," alisema Kazija.

Akasogea mpaka chini ya kiti cha saba.

"Mjomba Vuai. Ni mimi, Kazija, wa dada yako Mize. Uliondoka ukaniahidi viatu vyekundu. Nikakaa kizingitini siku tatu, kisha ya nne, kisha mama akaniondoa. Mguu umekua, mjomba, sivitaki tena. Lakini usinambie pweza wako Kinoko. Mimi ndiye nitokaye huko."

Kiti cha saba kililia kidogo, kama kiti kinavyolia mtu akijigeuza.

"Mize hajambo?" sauti iliuliza, na haikuwa tena ya mheshimiwa.

"Mize anavunja mawe ya kujengea ukuta wa kuzuia maji. Ana miaka sabini. Shuka uyaguse haya, ujue anazuia nini."

"Kushuka hakumo kwenye ajenda," Mpangaji Mkuu aliingilia.

Kazija alikuwa na hasira sasa, na mwenye hasira hatazami anapokanyaga. Mguu wake ukateleza kwenye kigae kilichong'oka. Akainama kujishika, na vidole vyake vikagusa kitu alichokijua kuliko jina lake: vijiwe vidogo na magamba ya kaa, vimepangwa mbele ya tundu. Tundu lenyewe lilikuwa pale vigae vya Kinoko vilipobomoka. Hakufikiri. Alitia mkono mpaka kiwikoni, akavuta, na akanyanyuka na pweza mzima aliyemzonga mkono, akigeuka kutoka kijivu kuwa mwekundu kwa ghadhabu.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

"Yupo!" wajumbe walipiga kelele. "Yupo Kinoko! Yupo kwenye Ramani!"

Mheshimiwa Jongo alitoa tamko papo hapo. Baada ya miaka kumi na tisa ya subira, Mpango umetekelezwa kwa ukamilifu: pweza amevuliwa pale pale Ramani iliposema yupo. Ombi la Idara ya Uani limepitwa na mafanikio. Akaagiza ripoti iandikwe, na seremala aitwe kuongeza shubiri moja ya furaha.

Kazija alisimama na pweza wake, machozi yanamtoka, na hakuona haya kulia mbele yao. Aliona nyumba kumi na nne na milango wazi. Aliona kwamba ule mzaha wote, samani na unyevu na ufunguo, ulikuwa umemchekesha njiani tu ili umuumize vizuri mwishoni. Mwenye njaa hafai kucheka nchi za watu.

Ndipo Bwana Mdungi akakohoa.

"Mheshimiwa, samahani. Ripoti inataka mahali kamili. Kigae hiki kilichong'oka, kiko upande gani wa Mpaka? Akiwa amemtoa upande wa pili, haya siyo mafanikio, ni kosa."

"Si utazame?"

"Kanuni inasema shahidi awe mjumbe. Karani haoni kitu."

Wajumbe waliinamisha shingo. Kutoka juu kule kila mmoja aliona jinsi alivyopenda: maji yalikuwa na tope, na macho yao yalikuwa na miaka. Ilimpasa mmoja ashuke. Kila mmoja akashika kiti chake kwa mikono miwili.

Kisha ngazi ya kiti cha saba ikaanza kutikisika. Ulionekana kwanza unyayo mweupe, laini, wa mtu asiyekanyaga ardhi, ukitafuta kipago; kisha mwingine. "Mheshimiwa, cheo!" mtu alimwita. Mzee Vuai alikuwa anahema. Alipofika kipago cha mwisho alisita, kama anavyosita mtu mbele ya maji ya kuoga, kisha akatia mguu.

"Yana moto," alisema.

Akatia wa pili. Akatazama huku na huku, akamwona Kazija, mwanamke mzima mwenye mvi mbili tatu, na pweza mkononi.

"Jamani, yana moto! Haya maji yana moto!" Akageuza uso juu. "Nani alisema uvuguvugu?"

"Wewe," karani alisema. "Mwaka wa pili. Nimeandika."

Mzee alipiga magoti, maji yakamfika kifuani, akapapasa sakafu kwa viganja. Alipapasa kutoka Kinoko hadi Fungu Baridi, akarudi, akapapasa tena. Alipoinuka, mikono yake ilikuwa na wekundu hafifu wa ngeu, na hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki.

"Mpaka haupo," alisema. "Umeyeyuka. Bahari imeula."

Sasa palikuwa na mtafaruku wa kweli. Mjumbe wa kisiwa cha pili alitaka Mpaka uchukuliwe kuwa upo mpaka ithibitishwe kwamba haupo. Wa kisiwa cha nane alisema hilo limekwisha thibitishwa. Wa pili akasema aliyethibitisha ameshuka cheo, kwa hiyo hakuthibitisha. Mpangaji Mkuu akaamuru Mpaka uchorwe upya mara moja, na watu wa rangi wakaitwa, wakaja na ndoo zao, wakayatazama maji, wakamtazama karani.

"Utachorwa, Mheshimiwa," alisema Bwana Mdungi, akifunua kitabu polepole, "ila kanuni ya rangi inasema mstari haukanyagiki wala hauhesabiki kuwa mstari kabla haujakauka. Kwa kipindi hicho cha mpito pangehitajika maneno. Nimethubutu kuyaandika."

Akasoma: "Wanawake wa Kinoko waruhusiwe kuvuka mpaka mpaka mpaka ukauke."

Halafu mtu mmoja kule juu akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini. Wakamtaka arudie, akarudia. Mpaka, mpaka, mpaka! Hawajapata kuwa na azimio lililosimama vile. Mjumbe wa kisiwa cha pili alisema hajalielewa na kwa hiyo analiunga mkono. Mpangaji Mkuu akaomba liandikwe juu ya mlango. Likapitishwa kwa sauti moja, pamoja na ya mjumbe wa kisiwa cha tano, ambaye kimya chake kilihesabiwa kuwa ridhaa, na mhuri ukapigwa.

Bwana Mdungi alimkabidhi Kazija karatasi bila kumtazama.

"Nenda nayo haraka," alimwambia, "kabla hawajaielewa."

"Wewe unabaki?"

"Nikitoka mimi, nani atajua kwamba kuna maji?" Akainua mguu wake uliovimba, akaukung'uta, akaurudisha palepale. Nje seremala alikuwa anafika na misumari.

Kazija na mjomba wake walifika Kinoko siku moja kabla ya bamvua. Mzee Vuai alishuka na kanzu moja, kama alivyoondoka. Mize alikuwa ukutani na nyundo yake. Alimtazama kaka yake kutoka utosini hadi nyayoni, akamwambia, "Hizo siku tatu zako ni ndefu, Vuai," akamsukumia nyundo ya pili. Kisha akaketi chini akamlilia kana kwamba amefiwa.

Wanawake walikusanyika, Kazija akawasomea karatasi. Alipofika kwenye mpaka mpaka mpaka, waliangua kicheko, wakamtaka arudie, wakaangua tena, na vigelegele vikapigwa mlango hadi mlango. Virago vikafunguliwa. Kesho yake wangevuka mchana kweupe mpaka Fungu Baridi, na wa kuwanyang'anya mitumbwi hakuna.

"Na hiyo rangi," aliuliza Mize, akifuta macho kwa ncha ya kanga, "itakauka lini?"

Mzee Vuai alikuwa ameinama ukutani, nyundo mkononi. Maji yalikuwa yamekwisha pita pembeni mwa jiwe la mwisho, yakaingia uani, na sasa yalikuwa yanalamba kizingiti cha nyumba alikozaliwa, kile kile ambacho mtoto mmoja alikikalia siku tatu akingoja viatu.

"Haikauki, dada," alisema.

Na vigelegele vikakoma, mlango hadi mlango, mpaka wa kumi na nne.